Okoa Kwanza, Tafuta Baadaye: Jinsi ya Kupata na Kutunza Kumbukumbu za Ukoo

Wengi wanaoanza kutafuta nasaba yao huanzia mbali. Hufungua tovuti, huandika jina la babu wa babu yao, kisha hukesha wakifukuzana na majina yanayofanana. Wakati huohuo mzee aliyemjua huyo babu kwa sura yuko chumba cha pili, na sanduku lenye barua zake liko juu ya kabati linaingia unyevu.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko wote humu, ni kugeuza mpangilio huo. Daftari lililomo kwenye hifadhi ya nyaraka lina mtu aliyeajiriwa kulitunza. Sanduku la nyumbani halina mlinzi isipokuwa wewe, na mzee hana nakala.

Hatua ya kwanza: fungua sanduku, lakini usipange kitu

Ukishafungua tu, utatamani kutenganisha: barua huku, picha kule, vyeti upande wao. Jizuie. Namna vitu vilivyokaa ni habari yenyewe. Picha isiyo na jina iliyokutwa ndani ya barua fulani huenda ilitumwa pamoja na barua hiyo. Ukiitoa na kuitia kwenye albamu, umeikatia ushahidi wake. Kwa hiyo kabla hujagusa, piga picha kwa simu: sanduku likiwa limefungwa, likiwa wazi, kisha kila tabaka unapoliondoa.

Nalisema hili kwa uchungu. Nikiwa kijana nilisaidia kusafisha kabati la nyumbani, nikazitoa barua kwenye bahasha ili zikae vizuri kwenye faili, bahasha nikazitupa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipozisoma barua zile kwa makini. Nyingi hazina tarehe. Zimeandikwa “Jumanne jioni” basi. Tarehe ilikuwa kwenye mhuri wa posta, na anwani ya mwandishi mgongoni mwa bahasha. Barua ninazo, lakini zilitoka mji gani, na mwaka gani, hadi leo sijui.

Usidharau karatasi yoyote. Cheti cha kuzaliwa kila mtu atakitunza. Kinachotupwa ni risiti ya ada ya shule, kadi ya kliniki, kitambulisho kilichokwisha muda, tiketi ya meli, daftari la madeni, hati ya kiwanja kilichouzwa zamani. Hivyo ndivyo vinavyomweka mtu mahali fulani siku fulani.

Angalia pia kurasa za mwanzo na za mwisho za vitabu vya dini vya nyumbani, ambako wazazi wengi huandika tarehe za kuzaliwa watoto. Ukiipata orodha ya namna hiyo, itazame kwa karibu. Je, majina yote yameandikwa kwa wino mmoja na mwandiko uleule, yamenyooka kama yaliyoandikwa siku moja? Au kila jina lina wino wake, mwandiko wa aliyeandika ukitetereka kadiri miaka ilivyopita? Orodha ya pili iliandikwa mtoto alipozaliwa. Ya kwanza iliandikwa kwa mkupuo, labda kwa kukumbuka, labda kwa kunakili kitabu kilichochakaa. Kisha tafuta mwaka kitabu kilipochapishwa. Kama mtoto wa kwanza alizaliwa kabla ya mwaka huo, basi tarehe yake haikuandikwa hapo siku alipozaliwa. Bado ina thamani, ila si sawa na ile iliyoandikwa papo hapo.

Hatua ya pili: kaa na wazee, picha mkononi

Usiende na orodha ya maswali ya “mwaka gani, tarehe ngapi”. Maswali hayo humfanya mzee ajione yuko mahakamani, na akikosa jibu hunyamaza. Nenda na picha. Mpe aishike, umwache aitazame kadiri atakavyo. Atakuambia nyumba ile ilikuwa ya nani, kwa nini yule wa nyuma hacheki, nani hayumo kwenye picha na alikuwa wapi siku hiyo.

Tarehe zitafute kwa kuzungukia. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya vita, kabla au baada ya mafuriko, kama wakati huo alikuwa ameshaolewa, nani alikuwa ananyonya. Tukio moja linalojulikana tarehe yake linatosha kupanga mengine mbele na nyuma yake.

Hapa Kiswahili chetu kinahitaji uangalifu wa pekee. Bibi yangu alinionyesha picha ya mwanamume aliyevaa koti.

“Bibi, huyu ni nani?”

“Huyo ni baba.”

“Baba aliyekuzaa?”

“Aliyenizaa sikumwona. Huyu ni mdogo wake, ndiye aliyenilea. Sasa nimwiteje kama si baba?”

Nisingeuliza mara ya pili, ningemwandika baba mdogo kama baba mzazi, na tawi zima la ukoo lingepinda kuanzia hapo. Kila unaposikia baba, mama, ndugu, dada, mtoto au mjukuu, uliza kwa upole: wa kuzaa, au? Mama mkubwa, baba mdogo, ndugu wa tumbo moja, mtoto wa kulea, wote wana nafasi kwenye mti, kila mmoja kwenye tawi lake. Andika neno alilotumia mzee, na pembeni uhusiano wa damu. Vyote viwili ni kweli.

Uliza na majina. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la nyumbani, jina la dini, jina la utani na jina aliloandikishwa na karani aliyelisikia vibaya. Huko kwenye rekodi utakutana na lolote kati ya hayo, na usipoyajua yote utampita bila kumtambua.

Rekodi sauti, baada ya kuomba ruhusa. Anza kwa kusema tarehe, mahali, na majina ya waliopo, kwa kuwa faili isiyo na maneno hayo ni sauti ya mtu asiyejulikana baada ya miaka 30. Usizidishe saa moja kwa kikao. Mzee akichoka, rudi siku nyingine. Mara nyingi mazuri huja kwenye kikao cha pili, baada ya usiku wa kukumbuka.

Hatua ya tatu: kila kitu kipewe namba

Chukua daftari au jedwali la kompyuta. Kila karatasi na kila picha ipewe namba yake, na mbele ya namba uandike: ni nini, inasema nini, ilitoka kwa nani, ulikuta wapi, lini. Sehemu ya “ilitoka kwa nani” ndiyo ambayo watu huiruka, na ndiyo inayouma baadaye, ndugu wawili wakibishana na hakuna anayekumbuka habari ilianzia wapi.

Kwa watu wenyewe kuna namna nzuri ya namba iliyochapishwa na mwanahistoria Michael Eytzinger mwaka 1590 na ambayo bado haijapata mshindani kwa urahisi. Wewe ni 1. Baba yako ni 2, mama yako 3. Namba ya baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili. Mama yake ni hiyo ongeza moja. Babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba 5, babu mzaa mama 6, bibi mzaa mama 7. Ukitaka mama wa babu mzaa mama: 6 mara mbili ni 12, ongeza moja, 13. Nafasi zilizo wazi zinajionyesha zenyewe, bila kuchora mti wowote.

Hatua ya nne: tunza karatasi zenyewe

Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu katikati ya karne ya 19 zinatokana na massa ya mbao, na zina asidi inayozila kutoka ndani. Ndiyo maana gazeti la miaka 60 huvunjikavunjika wakati kitabu cha miaka 300 kinafunguka vizuri. Joto, unyevu na mwanga huharakisha kazi hiyo. Hivyo dari ya juu kabisa ya nyumba ni mahali pabaya, na sakafuni ni pabaya zaidi. Weka kwenye chumba mnachoishi, kabati la ndani lisilogusa ukuta wa nje, rafu ya juu kiasi kwamba maji yakiingia hayafiki.

Toa pini na klipu za chuma taratibu, kwa kuwa zikishika kutu hutoboa karatasi. Mipira ya kufungia nayo huyeyuka na kung'ang'ania. Fungua mikunjo, laza karatasi wazi, zitie kwenye bahasha au makasha ya karatasi isiyo na asidi, na hati tete zitenganishwe na gazeti, maana asidi ya gazeti huhamia kwa jirani.

Kuna mambo matatu ambayo nakusihi usiyafanye hata siku moja. Usibandike selotepu kwenye karatasi iliyochanika. Gundi yake hugeuka njano, hupenya, na haitoki. Usiitie kwenye plastiki ya moto, ule ulaminishaji wa vitambulisho. Joto na gundi huharibu karatasi, na hakuna njia rahisi ya kuirudisha. Na usitumie zile albamu zenye kurasa za kunata zilizofunikwa nailoni. Kama picha zenu zimo humo, zipigwe picha kwanza zikiwa palepale. Zile zinazong'oka kwa urahisi zitolewe. Zilizong'ang'ania jaribu kupitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno chini yake, na zikikataa, ziache.

Mgongoni mwa picha andika kwa penseli laini, pembeni, picha ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino huchapa mistari upande wa sura. Picha ishike kwa kingo, au vaa glavu safi. Kwa karatasi, mikono iliyonawa na kukauka inatosha, tena ni bora kuliko glavu nene zinazokunyima kuhisi ukingo unaochanika.

Karatasi zikilowa, una kama saa 48 kabla ukungu haujaanza. Zilaze kwenye upepo wa feni usiopiga moja kwa moja, kivulini, kamwe si juani. Kama ni nyingi mno kukaushwa kwa wakati huo, zitie kwenye mifuko na kuziweka kwenye friza. Barafu husimamisha uharibifu, nawe utazikausha chache chache.

Hatua ya tano: nakala za kidijitali

Hati iskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi, picha ndogo kwa 600. Faili ya asili ihifadhiwe kama TIFF, aina ya faili ya picha isiyobanwa, na nakala ya kusambaza iwe JPEG, aina nyepesi iliyobanwa. Kama huna skana, simu inafaa: laza waraka karibu na dirisha, simama usiutie kivuli, shika simu sambamba na karatasi, zima mmuliko (flashi). Nyuma pia ipigwe, hata kama inaonekana tupu. Mhuri hafifu wa studio ya mpiga picha mara nyingi ndio anwani pekee mliyo nayo.

Anza na vinavyofifia: karatasi za faksi na risiti zenye uso unaong'aa, picha za rangi, kanda za kaseti na za video. Mashine ya kuzichezea kanda hizo bado inapatikana ukitafuta, lakini kanda zenyewe hazikusubiri.

Majina ya faili yafuate namba za daftari lako, mfano 0047_barua_1952_mbele. Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, itabanwa na kupoteza ubora. Itume kama hati. Na kundi la ukoo kwenye simu lisihesabiwe kuwa hifadhi, kwa sababu simu zikipotea au kubadilishwa, mambo hayo huyeyuka nazo.

Hatua ya sita: sasa toka nje ukatafute

Hapa ndipo tovuti na hifadhi za nyaraka zinapoingia. Kabla ya kutafuta jina, tafuta mahali. Jiulize: mtu huyu aliishi wapi, mwaka ule eneo hilo lilikuwa chini ya serikali gani, wilaya gani, parokia gani, na nani alikuwa na kazi ya kuandika watu? Mipaka huhama, na daftari hubaki katika ofisi iliyolianzisha, au huchukuliwa na serikali iliyoondoka.

Jua pia daftari zinaanza lini, usije ukatafuta kisichokuwapo. Uingereza iliagiza parokia kuandika ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538, lakini usajili wa serikali wa vizazi na vifo kwa Uingereza na Wales ulianza 1837. Ufaransa iliuweka usajili mikononi mwa serikali mwaka 1792. Kanisa Katoliki lilizifanya daftari za parokia kuwa sharti baada ya Mtaguso wa Trento, mwaka 1563. Kabla ya usajili wa serikali, tegemea vitabu vya dini, kodi, ardhi, mirathi na kesi. Kesi za mirathi nazipenda kuliko zote: ndugu wakigombania mali, kila mmoja hulazimika kueleza mbele ya karani yeye ni nani kwa marehemu.

Rekodi nyingine zimefungwa kwa muda ili kuwalinda walio hai. Sensa ya Marekani hufunguliwa baada ya miaka 72, ndiyo maana ya 1950 ilitoka 2022. Ya Uingereza na Wales husubiri miaka 100.

Nyingine hazipo tena. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika kwa moto wa mwaka 1921 jijini Washington. Ofisi ya kumbukumbu ya Dublin iliteketea mwaka 1922, na karne kadhaa za Waayalandi zikaenda nayo. Ukikuta pengo la namna hiyo usikate tamaa. Uliza nani alipewa nakala: askofu, makao makuu, wakili, mwajiri, chama cha maziko.

Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ni bure. Shirika lililo nyuma yake lilianza kupiga mikrofilamu za nyaraka, yaani filamu zenye picha ndogo sana za kurasa, mwaka 1938, na mwaka 2021 lilimaliza kuziweka mikrofilamu hizo katika mfumo wa kidijitali. Picha nyingi humo hazijaorodheshwa kwa majina, kwa hiyo kisanduku cha kutafutia kikikuambia hakuna, usikiamini. Ingia kwenye katalogi kwa jina la mahali, ufungue daftari, usome ukurasa kwa ukurasa. Soma na majirani. Mashahidi wa ndoa na wasimamizi wa ubatizo mara nyingi ni mashangazi na wajomba.

Kwa hifadhi usiyoweza kufika, andika barua fupi: mtu mmoja, tukio moja, miaka mitano juu na chini, na majina yote aliyotumia. Ombi la “kila kitu kuhusu ukoo wetu” halijibiki.

Na kalenda zikuchunge. Uingereza na makoloni yake zilihama kalenda mwaka 1752. Tarehe 2 Septemba ilifuatwa na 14. Kabla ya hapo mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo mtoto wa “Februari 1740” kwetu ni wa 1741. Urusi ilihama 1918. Umri uliohesabiwa kwa miaka ya Hijria nao ubadilishe, kwani mwaka huo una siku 354 au 355: aliyefariki akiwa na miaka 66 ya Hijria alikuwa na kama 64 ya kalenda ya jua.

Hatua ya saba: pima unachokiona

Karatasi zitapingana. Tuseme daftari la ubatizo la Februari 1908 linasema mtoto ana miezi minane. Cheti cha ndoa cha Oktoba 1931 kinasema bwana harusi ana miaka 24. Cheti cha kifo kinasema alizaliwa 1909, na jiwe la kaburi nalo 1909. Mbili kwa mbili? Hapana. Jiwe lilichongwa kwa kufuata cheti cha kifo, na cheti kilijazwa kwa maneno ya mwanawe, ambaye hakuwapo baba yake alipozaliwa. Hao ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili. Ubatizo uliandikwa mama akiwa amembeba mtoto mkononi, na ndoa, iliyoandikwa mbali na hapo kwa maneno ya mwenyewe, inaafikiana nao. Andika “karibu Juni 1907”, na chini yake sababu, pamoja na vyeti vilivyokataa.

Swali ni lilelile kila mara: nani alitoa habari hii, na alijuaje? Liulize hata kwa miti ya ukoo iliyopachikwa mtandaoni. Watu 20 wakiwa wamenakili kosa la mtu mmoja, bado ni kosa moja.

Kabla hujasambaza

Utakutana na mambo ambayo wazee waliyaficha: mtoto wa nje, ndoa iliyovunjika, kifungo, ugonjwa. Walio hai usiwaweke hadharani, si majina kamili wala tarehe zao, bila idhini yao. Jambo linalomhusu mtu aliye hai mwambie yeye kwanza, faragha, kabla ya ukoo. Lakini usilichome wala kulifuta. Litie kwenye bahasha, andika mwaka wa kufunguliwa.

Kazi yako itoe kwenye programu kama faili ya GEDCOM, muundo uliotoka mwaka 1984 na unaosomwa na karibu programu zote za nasaba, ili tovuti moja ikifungwa usizikwe nayo. Chapisha pia kwenye karatasi kurasa chache muhimu na kuwagawia ndugu wa nyumba mbalimbali.

Mwisho, chagua mrithi wa sanduku sasa hivi, umwite, umfundishe namba zako. Mara nyingi si mtoto mkubwa; ni yule mpwa anayeuliza maswali. Jina lake liandike ndani ya mfuniko kwa penseli, na chini yake neno la siri la faili liko wapi.